Mistari Myeusi Dukani: Wino Ndio Ulioamua

Ndugu msikilizaji, Jumamosi moja hivi karibuni niliingia katika duka dogo la mtaani kwetu kununua mchele na sabuni. Duka lenyewe lina rafu nne, kaunta ya mbao na mizani. Mama mwenye duka ameamua kwenda na wakati. Ametoa akiba yake, akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, mashine ya kusomea bakodi na printa ndogo ya kuchapa lebo. Mchele, maharage, karanga na dagaa hufungwa hapo hapo dukani katika mifuko ya nusu kilo na kilo moja. Kijana wake hubandika kwenye kila mfuko lebo yenye ile mistari myeusi na myeupe tunayoiona siku hizi kwenye karibu kila bidhaa ya kiwandani.

Sabuni ilipita bila taabu. Mashine ikalia "ti!" na bei ikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Ukafika mfuko wa mchele. Kijana akaupitisha, kimya. Akaupitisha tena, kimya. Akaugeuza juu chini, akaunyoosha, akaupangusa kwa kanga ya mama yake. Kimya kabisa. Nyuma yangu watu wakaanza kuguna.

"Samahani sana mzee," akaniambia, "hii mashine sijui imerogwa."

"Haijarogwa, mwanangu," nikamjibu. "Kama sabuni imesomeka, mashine ni nzima. Hebu nione hiyo lebo."

Mama yake akadakia kutoka nyuma, "Baba, mimi nimeshachoka. Juzi tumeandika bei kwa kukisia, jioni hesabu ikapungua. Pesa yangu yote imo humo."

Nilipoitazama lebo ile niliona mambo matatu. Ilikuwa imefifia, kwa sababu mifuko ilipangwa mlangoni panapopigwa na jua la mchana. Mistari ilikuwa imebanwa ili ienee kwenye karatasi ndogo. Na kingo za mistari zilikuwa na ukungu, kana kwamba mtu amezipitishia kidole kabla hazijakauka. Nikacheka kidogo, siyo kwa dharau. Nilicheka kwa kuwa kijana yule, bila kujua, alikuwa amekwama mahali pale pale walipokwama watu wenye elimu kubwa na makampuni tajiri kule Marekani kwa muda wa miaka 25. Leo basi, tuzungumze habari za mistari hiyo, ilikotoka, na kwa nini historia yake ni ya wino na karatasi kama ilivyo ya kompyuta.

Mwaka 1948, katika mji wa Philadelphia, tajiri mmoja mwenye maduka ya vyakula alikwenda kwa mkuu wa kitivo katika Chuo cha Drexel. Ombi lake lilikuwa chuo kitafute njia ya kuisoma bidhaa yenyewe inapofika kwa keshia, ili mtu asilazimike kupiga bei moja moja kwa vidole. Mkuu yule alikataa. Lakini kijana mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya juu, Bernard Silver, aliyasikia mazungumzo hayo, akamweleza rafiki yake Norman Joseph Woodland. Wawili hao wakaona hapo pana jambo.

Jaribio lao la kwanza lilikuwa wino wa aina ya pekee, unaong'aa ukimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Ulifanya kazi, lakini ulikuwa ghali na haukudumu, ulififia. Kwa hiyo, msikilizaji, tangu siku ya kwanza adui wa kazi hii alikuwa wino unaofifia, kama ule wa mfuko wangu wa mchele.

Woodland hakukata tamaa. Aliacha kazi ya chuo, akaenda kukaa kwa babu yake huko Miami Beach, mji wa pwani. Siku moja katika majira ya baridi, mwezi Januari 1949, alikuwa amekaa kwenye kiti ufukweni akiwaza. Alipokuwa skauti alijifunza alfabeti ya Morse, ile ya nukta na vistari inayotumika katika simu za upepo. Akachora nukta na vistari mchangani kwa vidole. Kisha, bila kukusudia sana, akavivuta vidole vyake kuelekea kwake, na zile nukta zikageuka mistari myembamba, na vile vistari vikageuka mistari minene. Hapo ndipo bakodi ilipozaliwa. Mtu yeyote aliyewahi kuchora mchangani, Bagamoyo au Malindi, anaweza kuirudia kazi hiyo leo kwa vidole vinne.

Tarehe 20 Oktoba 1949 waliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, na wakaipata tarehe 7 Oktoba 1952. Ndani yake waliweka mistari iliyonyooka na pia miduara, mmoja ndani ya mwenzake, kama shabaha ya kulengea mishale. Mduara ulikuwa na uzuri wake, kwa sababu unasomeka hata bidhaa ikipitishwa upande gani.

Wakatengeneza na mashine ya kusomea. Ilikuwa na ukubwa wa meza ya ofisi, na ndani yake kulikuwa na taa ya wati 500. Kweli ilisoma, lakini joto la taa lilikuwa kali hata karatasi ikaanza kufuka moshi. Nani angeweka tanuri la namna hiyo kwenye kaunta? Hataza ikauzwa mwaka 1962 kwa dola 15,000. Silver alifariki mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 38, hakuwahi kuuona uvumbuzi wao ukitumika dukani.

Taa ya wati 500 ilipata mrithi mwaka 1960, leza ilipovumbuliwa. Mwanga wa leza ni mwembamba na mkali bila kuunguza karatasi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 tatizo la mwanga lilikuwa limeanza kwisha. Tatizo la wino likabaki.

Mwaka 1972 kampuni ya RCA ilifanya majaribio ya ile miduara katika supamaketi moja ya Kroger mjini Cincinnati, jimbo la Ohio. Wateja walivutiwa, mashine zikasoma. Lakini kwenye mitambo ya kuchapa mambo hayakwenda sawa. Fikiri, msikilizaji: karatasi inapita ndani ya mtambo kwa kasi, na wino mbichi hupenda kuvutwa kuufuata mwendo wa karatasi. Mduara ukivutwa upande mmoja, pete zake zinaingiliana, nafasi nyeupe zinazibwa, na mashine haioni tena kitu. Uzuri wa mduara ukawa ndio udhaifu wake, maana una mistari inayoelekea kila upande, kwa hiyo wino ukivutwa kwenda popote lazima kuna sehemu itakayoharibika.

Wakati huo Woodland alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya IBM, ambako mhandisi George Laurer alipewa kazi ya kubuni alama ya kushindana na miduara ya RCA. Laurer aliutazama mtambo wa kuchapa kabla ya kuitazama kompyuta. Akachagua mistari iliyosimama wima, akasema ichapwe ielekee upande ule ule karatasi inakokwenda. Wino ukivutwa, mstari unarefuka tu. Unene wake haubadiliki, na unene ndio unaosomwa. Tena akapanga mashine ipime kutoka ukingo wa mstari mmoja hadi ukingo wa namna ile ile wa mstari unaofuata, ili hata kama wino umetanuka na mistari yote imenenepa kwa kiasi kimoja, kipimo kibaki vile vile. Tarehe 3 Aprili 1973 kamati ya wenye viwanda na maduka ya vyakula ilichagua alama ya IBM. Makampuni makubwa yalishindana, na mshindi akawa yule aliyeheshimu tabia ya wino.

Tarehe 26 Juni 1974, saa mbili na dakika moja asubuhi, katika supamaketi ya Marsh kwenye mji mdogo wa Troy, Ohio, keshia Sharon Buchanan alipitisha pakiti ya chingamu ya Wrigley, aina ya Juicy Fruit, mbele ya mashine. Bei ikatokea: senti 67. Chingamu ilichaguliwa kwa sababu watu walitilia shaka kama mistari ingeweza kuchapwa vizuri kwenye kitu kidogo kiasi kile.

Sasa nisikilize vizuri hapa, mwenye duka. Siku ile bidhaa nyingi zilikuwa bado hazijachapwa bakodi kiwandani. Usiku wa kuamkia siku hiyo wafanyakazi wa duka walikaa wakibandika lebo kwa mikono kwenye mamia ya bidhaa, huku mafundi wakifunga mashine. Maana yake ni kwamba lile duka linalotajwa katika vitabu lilianza kama anavyoanza mama wa mtaani kwetu leo, kwa kubandika lebo zake lenyewe. Kwa hiyo asimcheke mtu.

Baada ya wino na mwanga, palihitajika jambo la tatu, nalo ni makubaliano. Wengi hudhani ndani ya mistari ile mna bei, jina la bidhaa na siri nyingine. La hasha. Mistari ya bidhaa ya kiwandani ni namba tu. Mashine inaisoma namba, kisha kompyuta ya duka inatafuta katika daftari lake namba hiyo ni ya kitu gani na bei yake ni kiasi gani. Daftari likikosewa, mistari itasomeka vizuri na mteja atatozwa vibaya vizuri zaidi. Ni kwenye lebo za mizani tu, kama zile za nyama katika supamaketi, ambapo sehemu ya namba yenyewe hubeba uzito au bei.

Namba hizo lazima zisigongane. Kwa ajili hiyo mwaka 1977 wawakilishi wa nchi 12 za Ulaya waliunda chama, makao yake Brussels, kutoa namba zenye tarakimu 13. Chama hicho leo kinaitwa GS1. Kila nchi mwanachama ina namba yake ya mwanzo. Kenya ni 616, na Tanzania ni 620. Kabla ya Tanzania kuwa na namba yake, wazalishaji wetu walilazimika kwenda kuomba namba nje ya nchi. Lakini tusidanganyane: 616 au 620 haithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa Kenya au Tanzania. Inasema tu kwamba mwenye bidhaa alipata namba yake kutoka ofisi ya nchi hiyo. Anayeisoma kama cheti cha uzalendo anajisomea mwenyewe.

Wapo pia waliosema mistari ile mirefu ya mwanzo, katikati na mwisho ni namba 666, alama ya mnyama katika Ufunuo. Laurer alikanusha jambo hilo kwa miaka mingi, hadi alipofariki mwaka 2019. Mistari ile ni mipaka tu, inayoiambia mashine hapa mwanzo, hapa katikati, hapa mwisho.

Hofu yenye uzito ilikuwa nyingine. Wateja wa Marekani waliona kwamba, mashine ikishajua bei, mwenye duka hataandika tena bei kwenye kila kopo. Mteja atajuaje kama ametozwa bei ile aliyoiona kwenye rafu? Watumiaji wakalalamika, vyama vya wafanyakazi vikahofia ajira, na katika jimbo la Michigan ikatungwa sheria mwaka 1976 kulazimisha bei iandikwe kwenye bidhaa nyingi moja moja. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 2011, ilipobadilishwa na kuruhusu bei ionyeshwe wazi karibu na bidhaa. Hoja ya watu wale ilikuwa ya haki, na bado ni ya haki kwetu. Mashine inasoma mistari, binadamu anasoma bei. Lebo isiyo na bei inayosomeka kwa macho inamfanya mteja awe kipofu katika duka la mtu mwingine.

Basi, tumsaidie vipi mama yetu? Kila alichokwama nacho kilikwisha kuwakwamisha wengine, na majibu yapo.

Kwanza, namba. Sabuni, dawa ya meno na biskuti zina bakodi za kiwandani. Asizibandikie nyingine, aziingize tu katika daftari la kompyuta. Kwa mchele na dagaa anaofunga mwenyewe, asibuni namba ovyo, maana anaweza kuangukia namba ya bidhaa ya mtu. Katika utaratibu wa kimataifa, namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka, wala hazilipiwi. Akitaka mchele wake uuzwe katika maduka ya wengine, hapo ndipo ataomba namba rasmi.

Tarakimu ya 13 ni mlinzi, haichaguliwi bali hukokotolewa. Chukua kalamu. Tuseme mchele wa kilo moja ni 200000000045. Kuanzia kushoto, tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea zijumlishwe kama zilivyo: 2 na 4 ni 6. Ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea zizidishwe kwa 3: hapa iko 5 peke yake, inakuwa 15. Jumla ni 21. Ili kufikia 30 inahitajika 9. Namba kamili ni 2000000000459. Mashine ikisoma tarakimu moja vibaya, hesabu haitakubali, nayo itanyamaza. Heri mashine inayonyamaza kuliko inayotoza mchele bei ya mafuta ya taa.

Pili, kuchapa. Printa nyingi ndogo za lebo hazitumii wino. Karatasi yake ina dawa inayogeuka nyeusi ikiguswa na joto, kama karatasi ya risiti. Jua, joto na mafuta huiharibu. Inafaa kwa mkate na vitu vinavyouzwa upesi. Kwa vinavyokaa rafuni, afadhali printa inayotumia utepe wa wino, au basi mifuko iondolewe mlangoni kwenye jua. Na mistari ichapwe ielekee upande ule karatasi inakotokea, isikate njia yake. Hilo ndilo somo la Laurer, na linafanya kazi kwenye printa ya kaunta kama lilivyofanya kazi kwenye mitambo mikubwa.

Tatu, asibane. Mstari mwembamba kabisa wa bakodi ya kawaida una unene wa milimita 0.33, na alama nzima pamoja na nafasi nyeupe za pembeni ina upana wa milimita 37 na kitu. Printa ya kawaida ina nukta 8 kwa kila milimita, nayo haiwezi kuchapa nusu nukta. Ukichagua nukta 2, mstari unakuwa mwembamba kupita kiasi kinachoruhusiwa. Chagua nukta 3, na alama itahitaji kama milimita 42. Kwa hiyo lebo ya milimita 50 inatosha, ya 40 haitoshi. Ukiivuta picha ya mistari kwa nguvu ili ienee, baadhi ya mistari inanenepa na mingine inakonda, na siri yote imo katika unene. Zile nafasi nyeupe za pembeni nazo ni sehemu ya alama, zisiandikwe kitu. Tena asivutiwe na rangi nyekundu. Mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo mstari mwekundu ni sawa na mweupe, hauonekani.

Nilimweleza kijana haya, naye akayafanya taratibu. Aligeuza mwelekeo wa mistari, akanunua lebo pana, akahamisha mifuko kutoka mlangoni. Juu ya kila lebo akaandika kwa herufi kubwa jina la bidhaa, uzito na bei. Nilipopita wiki iliyofuata, mchele ukalia "ti!" mara moja. Mama akacheka, akasema, "Kumbe haukuwa uchawi."

Haukuwa uchawi, mama. Lakini nilimkumbusha jambo moja, nami nalikumbusha kwenu. Ile "ti!" ya mashine inasema kwamba namba imesomeka, haisemi kwamba bei ni sahihi wala kwamba kilo ni kilo kamili. Hayo bado yako katika mizani yake, katika daftari lake, na katika uaminifu wake. Kila jioni ahesabu mifuko iliyobaki rafuni na alinganishe na kompyuta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa na kompyuta.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.